Kipande Nilichokizika Ngungu

Ninyi walimu wa Pinga mlinitumia ujumbe kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, mkiuliza ilikuwaje kwa Bauma, ndugu yangu na mwenzenu. Kwenye simu siwezi. Herufi zake ni ndogo, na mimi niliacha shule darasa la tano. Nikianza kubonyeza, hasira inafika kabla ya neno. Kwa hiyo nimechukua daftari lake la kuandalia masomo. Kurasa za nyuma hakuzimaliza. Naandika humo, na Jado wa pikipiki atawaletea akipanda huko.

Mambo ya vibali na kupanga siku za hospitali nayaruka, yatawachosha kama yalivyonichosha. Nitasema njia tuliyopita, watu tuliokutana nao, na mahali nilipokosea. Najua wapo kwenu wanaosema alilishwa karuho, sumu ile ya polepole, na wanamtaja mama mmoja wa huko. Mtawasomea na wao.

Kutoka Pinga hadi Nyabiondo

Nilipokuja kumchukua mlikuwa mmeshamwona akikonda miezi miwili. Mimi ndiyo kwanza nimwone. Nilimwacha mtu mnene mwenye shingo. Nilikuta macho ya manjano na mikono inayojikuna hadi damu. Mkojo wake ulikuwa kama chai kavu. Mnakumbuka wanafunzi walivyomwita Mwalimu Ndizi. Siku ile tunaondoka, walisimama kwenye uzio wa shule wakiimba, na mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, sasa umeiva!"

Nilitaka kushuka nimchape. Bauma akanishika kitenge.

"Yaya, achana nabo. Batoto banasema yenye banaona."

Yaya ndivyo alivyoniita tangu utotoni, dada mkubwa. Baba alipokufa, na mama miezi michache baadaye, tulibaki watatu: mimi, Bauma, na Furaha aliyekuwa bado mgongoni. Niliacha shule ili Bauma asome. Sikulia wakati ule. Mtu mmoja lazima ashike jembe ili mwingine ashike kalamu, na mimi nilikuwa mkubwa.

Miezi ile miwili ilikwenda kwa mganga wa karuho, mlima wa pili kutoka kwenu. Alimtapisha kila asubuhi, akamwonyesha kwenye beseni vitu vyeusi akisema ndiyo sumu inatoka. Bauma mwenyewe, mtu wa vitabu, alikubali. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Yaya, mutu mwenye alikulisha sumu unaweza kumuchukia. Ugonjwa utauchukia namna gani?"

Jado alitupakia sisi wawili, Bauma katikati ili asianguke. Msitu wa kwenu mnaujua. Mvua ilikuwa imekula madaraja, na kwenye kila mto tulishuka, Jado anasukuma pikipiki juu ya magogo, mimi nabeba mgonjwa mgongoni kama nilivyombeba zamani. Uzito ulikuwa karibu uleule.

Kijiji kimoja mama mmoja tusiyemjua alitupa lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki wa mtoni ndani ya mafuta ya ngazi, mawese. Mimi na Jado tulikula kama watu waliofukuzwa. Bauma alinusa mafuta akageuza uso. Yule mama akaudhika.

"Mugeni wangu anakatala chakula yangu? Ao anafikiri nitamuroga?"

"Hapana, Mama," Bauma akajibu. "Bale ba kuniroga balikutangulia."

Mama yule alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamchomea ndizi kavu, bila mafuta, akamfungia kwenye jani.

Nyabiondo hadi Lushebere

Nyabiondo tulikaa siku mbili kwa sababu mbele palisikika risasi. Jado alipita huku na huku akiwauliza waliotoka Masisi. Wa kwanza anasema njia iko wazi, wa pili anasema imefungwa, wa tatu anasema iko wazi kwa wanaokwenda na si kwa wanaorudi. Siku ya tatu tuliondoka tu.

Hospitali ya Masisi, karibu na ninapokaa, ilimpima siku ileile. Daktari kijana alipaka kitu cha baridi tumboni mwa Bauma, akaangalia kwenye mashine yake ndogo, na akarudia kuangalia mara ya pili. Bauma alimwambia kwa Kifaransa aseme. Walizungumza kama walimu wawili, na mimi nilikaa katikati nikigeuza kichwa. Mwishowe Bauma alinitafsiria.

"Kuna uvimbe kwenye kongosho, Yaya. Ni kinyama cha nyuma ya tumbo. Ndiyo uvimbe umeziba njia ya nyongo, ndiyo maana niko manjano. Si karuho."

"Inapona?"

"Ikikatwa mapema. Na baada ya kukatwa, dawa ya mshipani, shimio. Kukata ni Goma. Dawa ni ng'ambo ya mpaka. Goma kuna daktari mpasuaji mugeni, atakaa juma mbili tu."

Nilishika vitu viwili: kukata, kisha dawa. Daktari yule alirudia kwa Kiswahili akinitazama mimi: akishakatwa, dawa isichelewe. Miezi miwili, ikizidi sana mitatu. Ikipita hapo, kukata kutakuwa kazi bure.

Nyumbani kwangu Lushebere, kwenye kambi ya waliokimbia vita, tulilala usiku mmoja. Majirani wa kambini walileta viazi na maharage mapya, na mmoja alileta kipande cha jibini la Masisi, kitu ambacho Bauma alikipenda tangu mtoto. Alikiweka ulimini, akakitoa, akakifunga tena kwenye karatasi. "Nitakula nikirudi," akasema.

Lushebere hadi Goma

Njia ya Sake nitaisema kwa ufupi. Lori lilikuwa la kabichi na sisi tulikuwa juu ya kabichi. Lilikwama mara tatu. Mara ya tatu dereva alituambia tushuke tusukume, na abiria mmoja mwenye suti akamwonyesha Bauma kidole: "Na ule? Ule wa manjano anakaa juu sawa mwami, sawa mufalme?"

"Ni mugonjwa," nikasema.

"Siye bote tuko bagonjwa, mama. Ashuke."

Bauma alishuka kabla sijamjibu yule mtu ninavyojua kujibu. Aliweka mikono kwenye lori pamoja na wengine. Sidhani alisukuma chochote, lakini lori liliondoka, na yule wa suti akampa mkono kupanda. Mpaka Goma walikuwa wakibishana kuhusu mpira.

Furaha alitukuta hospitalini. Ameolewa Goma, na yeye ndiye aliyepika siku zote tulizokuwa pale: uji, sambaza, dagaa wa ziwani, bila mafuta, na bugali laini. Upasuaji ulichukua kutwa nzima. Tulikaa nje kwenye majani mimi na Furaha, tangu umande haujakauka hadi kivuli cha ukuta kikatufikia. Mpasuaji mwenyewe alitoka, mtu mrefu, kofia bado kichwani, akasema kwa Kifaransa na muuguzi akatafsiri: wametoa chote kilichoonekana. Furaha akapiga magoti palepale.

Hapa ndipo nataka msome polepole.

Kesho yake asubuhi, Bauma bado hana fahamu vizuri, mama mmoja muuguzi aliniita kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa na haraka, wagonjwa wanamwita kila upande. Alinipa bokali, chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, imefungwa vizuri, na bahasha iliyobandikwa gundi.

"Wewe njo mukubwa wa mugonjwa?"

"Njo miye."

"Hii ni kipande yenye balitosha mu tumbo yake. Tia kidole hapa. Musiikalishe, muipeleke mbio, na barua yake."

Nilitia kidole kwenye wino. Akaenda.

Nilielewa. Au niseme, nilidhani hakuna cha kueleweshwa, kwa kuwa jambo lile nilikuwa nimeshaliona. Baba yetu alikatwa mguu nilipokuwa na miaka minane, alikanyaga chuma cha vita shambani. Hospitali iliwapa wakubwa mguu ndani ya gunia, wakaupeleka mbio Ngungu, kwetu, wakauzika. Mama alipojifungua Furaha, walimpa bibi kondo kwenye ndoo, ikazikwa chini ya mgomba. Kwetu kinachotoka kwa mtu hakitupwi. Kinatangulia kaburini kumngojea, ili siku ya ufufuo mtu asiamke akitafuta viungo vyake. Baba alipokufa alilazwa pembeni ya mguu wake. Na mwenyewe haambiwi. Baba hakuonyeshwa mahali hata siku moja. Akijua, wanasema, moyo wake utaanza kwenda huko.

Kwa hiyo nilifunika bokali kwa kitenge, nikaweka kwenye kitunga. Bahasha niliiingiza kwenye mfuko wa karatasi za hospitali, pamoja na nyingine. Barua ya daktari kwenda kwa daktari haifunguliwi na mtu kama mimi. Nilimwambia Furaha abaki na mgonjwa.

"Akiuliza?"

"Sema nimeenda kuangalia maharage."

Goma hadi Ngungu

Nilipanda pikipiki hadi Sake, nikapata nyingine ya kupanda Ngungu. Kwenye bariere ya pili, kizuizi cha barabarani, askari alituteremsha. Alikuwa amekunywa, au hakulala. Alinyoosha fimbo kwenye kitunga.

"Mu kitunga iko nini?"

Sikutaka kusema uongo juu ya kitu kile.

"Ni ndugu yangu."

"Ndugu yako iko mu kitunga?"

"Mu bokali. Kipande yake. Balimupasua tumbo."

Akawaita wenzake. "Kuyeni muone, mama huyu anatembeza ndugu yake mu bokali! Ni kanyanga, ninajua ni kanyanga." Alifungua kifuniko anuse pombe yake. Harufu ya dawa ya hospitali ilimpiga puani, akaona kilichoelea ndani. Alifunga mwenyewe, kwa mikono miwili, akakirudisha kwenye kitenge na kukikunja vizuri kuliko nilivyokikunja mimi.

"Pita, mama. Pole. Pita."

Baba mdogo Kibira, ndugu wa baba aliyebaki Ngungu kulinda mashamba, hakuuliza mengi. Alinipa viazi vya kuchoma na maziwa. Asubuhi alichimba kati ya makaburi ya baba na mama, shimo la kina cha mkono. Mimi nilimwaga ile dawa ya bokali kwenye majani, mbali, kwa sababu tuliona si vizuri mtu wetu kulala ndani ya sumu ya hospitali. Nilikifunga kipande kwenye kitambaa cheupe. Baba mdogo akaomba Baba Yetu. Tuliweka juu jiwe jeusi kama ngumi.

"Ulifanya muzuri," akaniambia. "Kama baba hayuko, mukubwa njo baba."

Nawaambieni ukweli, nilishuka kutoka Ngungu nikiimba. Tangu wazazi wafe sikuwahi kufanya kitu kikakamilika namna ile.

Ng'ambo ya mpaka

Bauma alipona kidonda taratibu. Manjano yalitoka machoni, akaanza kula vijiko vichache mara nyingi, akaanza tena kusahihisha Kiswahili cha wagonjwa wenzake. Mpasuaji alikuwa ameshaondoka kurudi kwao. Walitupa karatasi zaidi na kutuonyesha mashariki. Wiki ya tano baada ya upasuaji tulivuka mpaka kwenda hospitali ya dawa.

Basi la ng'ambo lilikwenda kwa saa, barabara laini, hakuna aliyesukuma. Bauma aliangalia nje kama mtu anayesoma. "Yaya, vilima ni vilevile," akasema.

Kule kila kitu kilikuwa kwa foleni na kwa namba. Tulingoja siku tatu tukilala kwenye nyumba ya wageni wa hospitali, tukipika nje pamoja na watu wa mbali. Mama mmoja alinifundisha kuwasha jiko lao, mimi nikamfundisha kupika sombe, kisamvu cha kwetu. Hatukuwa na lugha moja. Alikuwa akimwuguza binti yake. Alipomwona Bauma akitembea, alinipigia makofi, kama kusema, wako atapona.

Siku ya nne daktari alitupokea. Mtu mpole, Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni. Alitandaza karatasi zetu zote mezani: picha za tumbo kutoka Goma, damu iliyopimwa Masisi, taarifa ya upasuaji. Kila hospitali ilikuwa imemjua ndugu yangu kipande kipande. Mwishowe alifikia bahasha yenye gundi, bado imefungwa. Akaichana, akasoma, akageuza nyuma, akasoma tena.

"Mama, barua hii si yangu. Ni ya maabara yetu. Inasema kipande kinaletwa pamoja nayo. Kipande kiko wapi?"

"Kipande gani, Dokta?"

"Kile walichotoa. Lazima kikatwe, kiangaliwe kwa darubini, ndipo tujue ni kansa ya namna gani na dawa gani. Bila hilo siwezi kumwingizia mtu sumu mwilini. Walikupa?"

"Balinipa."

"Umekiacha wapi?"

Bauma alikuwa amekaa kando yangu. Ningeweza kusema kimepotea. Nimewaza mara nyingi tangu siku ile kwamba ningeweza.

"Nilikizika," nikasema.

Daktari alianza kuandika, akafuta, akaweka kalamu chini. Bauma ndiye aliyesema kwanza.

"Ulinizika?"

"Kidogo tu."

Alianza kucheka. Alicheka akishika kidonda, machozi yanashuka, akigonga meza ya daktari. "Yaya, ulianza mapema! Haukungoja hata nimalize kufa!" Daktari naye alitabasamu bila kupenda. Mimi nilitaka sakafu inifunike.

Nje, kwenye benchi, hakucheka tena.

"Ile barua ulikuwa nayo siku ngapi?"

"Tangu kesho yake ya kupasuliwa."

"Iko kwa Kifaransa. Miye ningeisoma kwa dakika moja."

"Mwenye mwili haambiwake, Bauma. Unajua."

"Ninajua," akasema. "Uliacha masomo ili miye nijue kusoma. Kisha siku ya kusoma ukanificha karatasi."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningempa jibu.

Ngungu mara ya pili

Daktari alipiga simu Goma. Mpasuaji hakupatikana, na pale hapakubaki hata ukucha wa kile kipande. Alisema wataalamu watakaa kujadili kama wanaweza kuanza bila jibu. Watakaa lini? Mwenye kuwaita alikuwa safarini. Niliuliza, kama nikikileta? Aliniuliza kama nilikizika na dawa yake. Nikasema niliimwaga. Akasema nisijisumbue.

Nilijisumbua. Nilimwacha Bauma kwa yule mama wa jiko, nikavuka mpaka, nikapita Goma bila kumwona Furaha, nikafika Sake. Mvua ilikuwa imekata njia ya Ngungu. Nilitembea siku nzima na nusu, viatu mkononi. Walionipita walikuwa wanashuka na magodoro vichwani. Mzee mmoja aliniuliza kama sijui watu wanakimbilia upande gani. Nikamwambia kazi yangu iko huko. Bokali tupu lilikuwa kwenye kitunga, nimelisugua kwa majivu hadi linang'aa.

Baba mdogo alipoona jembe mkononi mwangu alisimama kati ya makaburi.

"Kaburi haifunguliwake. Unataka kumuita nani?"

"Ninataka kumuponesha."

"Unamuvuta atoke huku na huku, hatakaa fasi yoyote. Wewe njo ulikileta. Nani alikutuma?"

"Sikutumwa. Njo kosa yenyewe, Papa mudogo. Balinituma fasi ingine, miye nikaya huku."

Alikaa chini. Mzee yule hakuwahi kukaa mbele ya mtu aliyesimama. Akageuza mgongo asione, nami nikachimba.

Kitambaa nilikipata. Kilikuwa kimeshikana na udongo kama mizizi. Nilikifungua. Ardhi ya Ngungu ni nyeusi na ina njaa. Inaotesha maharage kwa miezi mitatu, na kazi nyingine inaifanya kwa wiki chache tu. Sikuona mahali ndugu yangu alipoishia na mahali udongo ulipoanzia. Nilitia vidole, nikatafuta taratibu kama mtu anayechambua mchele. Kisha nikafunika, nikarudisha jiwe jeusi palepale.

Baba mdogo aliniuliza bila kugeuka: "Umepata?"

"Hapana."

"Basi yeye ameshafika," akasema.

Nilishuka na bokali langu safi.

Ng'ambo mara ya pili, na kurudi

Wataalamu walikaa mwezi wa tatu ukikaribia kwisha. Walikubali. Lakini kabla ya kuanza walimpiga picha mpya, na kwenye ini kulikuwa na madoa. Daktari alituonyesha kwenye kioo, yalikuwa kama matone ya mvua kwenye vumbi. Sasa kipande kilipatikana kwa urahisi. Walimchoma sindano ndefu, wakatoa kinyuzi kidogo, na mara hii walikipeleka wenyewe hadi maabara, hakikupita mikononi mwangu. Baada ya siku nane tulipata karatasi yenye muhuri. Ilisema alikuwa na nini, kwa uhakika. Nilipewa niishike. Karatasi ile niliizungukia milima miezi mitatu, na ilipokuja, ilikuja kwa sababu ugonjwa ulikuwa umerudi.

Shimio alipata mara mbili. Mara ya kwanza alitapika siku nne. Mara ya pili hakutapika, lakini daktari akasema madoa yameongezeka na hakutakuwa na ya tatu. Nilimuuliza kwa faragha: kama ningekipeleka siku ile, angepona?

"Labda," akasema. "Kansa hii ni mbaya hata kwa waliofanya yote sawasawa. Labda hapana. Labda angepata mwaka, miwili."

Mganga wenu wa karuho angalau alimpa mtu wa kuchukia. Mimi nimepewa labda.

Mama wa jiko alikuwa ameondoka. Binti yake alikufa tukiwa kwenye foleni ya picha. Aliniachia sufuria.

Kurudi tulirudi polepole. Furaha alitusindikiza hadi Sake. Kwenye gari Bauma alikaa mbele, na kwenye kila kona aliniambia jina la mwanafunzi wake wa zamani anayetoka kijiji kile. Nilipomwomba msamaha, tulikuwa tunapita mashamba ya majani ya ng'ombe, juu kabisa, baridi inaingia dirishani.

"Yaya," akasema, "ulifanya vile baba angefanya. Shida ni kwamba baba pia hakusoma."

Nikacheka, nikalia. Sijui kama alikuwa amenisamehe au amenihukumu. Labda kwa mwalimu ni kitu kimoja: anakupa alama yako, kisha mnaenda kula.

Lushebere aliomba lile jibini. Jirani alileta jipya. Alikula kipande kidogo kama kucha na kikakaa tumboni. Siku zilizofuata alinifundisha kusoma Kifaransa, maneno ya karatasi zake tu: kipande, haraka, maabara. Nayajua sasa. Naweza kuisoma ile barua ya bahasha yote. Ni mistari sita.

Alitaka kulala Ngungu. Alisema kwa utani, "Kule nina kiwanja, nimeshatanguliza mizigo." Nilimwahidi. Alikufa asubuhi, watu wanakwenda shambani, na wiki ile njia ya Ngungu ilikuwa ya risasi kutoka Sake hadi juu. Jado alijaribu kupita peke yake kuangalia, akarudi bila kofia. Tulingoja siku mbili. Siku ya tatu mwili haungoji. Tulimzika hapa, nyuma ya kambi, kwenye mikaratusi, kati ya watu waliokimbia kutoka vijiji visivyo vyetu. Mchungaji alisoma kwamba siku ile wafu wataamka wazima. Sikuitika amina.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakulishwa kitu na mtu yeyote wa Pinga, mwambieni yule mama mnayemkwepa kisimani. Na njia ikifunguka, mmoja wenu akafika Ngungu kabla yangu, amwulize Baba mdogo Kibira makaburi yetu. Kati ya baba na mama kuna jiwe jeusi kama ngumi. Apalilie pembeni yake kwa mkono, asitie jembe. Ndiyo sehemu pekee ya Bauma niliyoifikisha nyumbani.